Jinsi ya kuendesha mjadala wa tamthilia ya Kikorea sebuleni bila watu kununiana

Kipindi kikiisha ukauliza "Mmeionaje?", utajibiwa "Tamu sana," halafu watu wataanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Swali hilo lifute kabisa. Uliza hivi: "Nani amekataza, na angepoteza nini kama angeruhusu?" Hapo hakuna atakayeondoka kabla ya chai kuisha, na wengine watapita asubuhi kukuambia walichokumbuka usiku.

Niseme mimi ni nani ili ujue ushauri huu unatoka wapi. Nilikuwa karani wa mahakama hapa Kakamega mpaka nikastaafu. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya watu jinsi walivyoyasema. Siku hizi niko nyumbani Lurambi, na sebule yetu imetekwa na Wakorea kwa sababu ya mke wangu. Alianza kuwatazama kwenye simu usiku, shuka amejifunika mpaka kichwani. Binti wa jirani akamwonyesha namna ya kupeleka picha kwenye runinga, na tangu hapo Jumamosi jioni watu hujaa: mama anayeuza mboga karibu na steji, kijana wa bodaboda anayemleta, mwalimu wa nasari, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma ambaye kwao ni Mumias, na mke wa mwanangu akija kututembelea kutoka Eldoret. Wote huniita Karani.

Tamthilia nitakayoitolea mfano ni Something in the Rain ya kituo cha JTBC, iliyorushwa Korea Kusini kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei 2018, vipindi 16. Aliyeiongoza ni Ahn Pan-seok. Son Ye-jin anaigiza Yoon Jin-ah, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ana kazi katika kampuni ya kahawa lakini bado anaishi kwa wazazi wake. Jung Hae-in ni Seo Joon-hee, anayetengeneza michezo ya kompyuta. Ni mdogo kwa Jin-ah kiumri, na tena ni mdogo wake rafiki yake Jin-ah wa kufa na kuzikana. Joon-hee na dada yake walikua bila wazazi, na nyumba ya kina Jin-ah ndiyo iliyokuwa ikiwafungulia mlango kama watoto wa pale. Sasa mtoto wa kufunguliwa mlango anampenda binti wa nyumba, na mama wa nyumba anasema hapana.

Jua kwanza ni katazo la aina gani

Watu hutaja mapenzi yaliyokatazwa kana kwamba mkatazaji ni mmoja. Wakorea wenyewe wana aina nyingi, na maoni utakayoyapata sebuleni yatategemea umechagua aina ipi.

Kuna katazo la mpaka. Crash Landing on You ya tvN, ya 2019 na 2020, ndiyo wengi wanayoijua: tajiri wa Kusini, Yoon Se-ri, anarushwa na upepo wa dhoruba angani na kutua upande wa Kaskazini, mbele ya kapteni Ri Jeong-hyeok. Pale hakuna mama mkwe wa kulaumu. Kinachowatenga ni vita vilivyosimamishwa mwaka 1953 kwa makubaliano ya kuacha kupigana tu, bila mkataba wa amani mpaka leo. Kikundi kinachopenda kulaumu watu ukikipa hiyo kitakosa kazi. Watalia, watafuta machozi, watakwenda nyumbani.

Kuna katazo la ndoa. Secret Love Affair, ya mwongozaji yuleyule Ahn Pan-seok, ilirushwa 2014: mwanamke wa miaka 40 aliye na mume, na kijana mpiga piano wa miaka 20. Ukiipanga, waeleze watu jambo moja mapema. Mwaka ule uzinzi ulikuwa kosa la jinai Korea Kusini, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Mahakama yao ya katiba ilikifuta kifungu hicho tarehe 26 Februari 2015, majaji saba dhidi ya wawili. Anayeitazama leo bila kulijua hilo atadhani wale wanaogopa aibu peke yake.

Halafu kuna katazo la damu na ukoo, na hilo ndilo linalowasha moto huku kwetu. Tulipotazama Autumn in My Heart ya mwaka 2000, watoto wawili waliolelewa kama kaka na dada kwa sababu mmoja alibadilishwa hospitalini alipozaliwa, kijana wa bodaboda aliuliza, "Kama si damu moja, tatizo liko wapi?" Chumba kizima kilimgeukia. Magharibi hapa, kabla msichana hajapokea hata soda ya mtu, anaulizwa ukoo wa baba na ukoo wa mama. Mkikutana ukoo, hata kama hakuna anayejua babu zenu waliachana wapi, habari imeishia hapo. Mpangaji wetu akaongeza la kwake: "Mimi ni Mwislamu. Kwa dini, binamu naruhusiwa. Kwa ukoo wangu, nikithubutu nitafukuzwa." Nikamwambia hata Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 imemwona: inakataza ndoa ya binamu, kisha inawaachia Waislamu nafasi.

Hapo ndipo nilipowatolea habari ya kifungu cha 809 cha sheria ya kiraia ya Korea Kusini. Kilikataza ndoa kati ya watu wenye jina moja la ukoo na chimbuko moja. Sasa fikiria nchi ambayo karibu mtu mmoja katika kila watano anaitwa Kim. Si kina Kim wote wa chimbuko moja, lakini wale ambao chimbuko lao ni mji wa Gimhae peke yao ni mamilioni, na mtu angeweza kumpenda Kim mwenzake asiyejua hata kijiji chao na bado wakakataliwa cheti. Mara tatu, 1978, 1988 na 1996, serikali ilifungua dirisha la mwaka mmoja ili waliokwisha kuishi pamoja wajiandikishe, kisha ikalifunga. Mahakama ya katiba ikakikataa kifungu hicho Julai 1997, na sheria yenyewe ikabadilishwa 2005. Kinachokatazwa sasa ni ndugu wa karibu hadi daraja la nane. Mama wa mboga aliposikia hayo alivuta kiti mbele. "Kumbe hawa watu wana ukoo!" Mpaka siku hiyo alikuwa akiwatazama kwa ajili ya nguo.

Habari kama hiyo itoe watu wakiwa wameshachemka. Ukiitoa mwanzoni ni hotuba, na watakutazama vile watu humtazama chifu.

Kwa kikundi kipya, mimi nashauri Something in the Rain. Haina mpaka, haina kifungu cha sheria, haina damu. Ina mama tu, na kila mtu ana maoni kuhusu mama.

Viti

Usidharau jambo hili. Kwetu baba mkwe na mke wa mwana hawaketi kochi moja, hawapeani mkono, na wakiwa chumba kimoja hupangwa wasitazamane. Mama mkwe na mume wa binti ni vivyo hivyo. Sasa weka Wakorea katikati ya desturi hiyo. Vipindi vya mwanzo ni miavuli na kutembea barabarani usiku, hakuna shida. Wakishaanza kubusiana, wale wawili wa Something in the Rain hawajui kuacha.

Tulichofanya sisi ni hiki. Mke wa mwanangu hukaa nyuma, kiti cha karibu na dirisha, ambapo mimi simwoni na yeye anaona runinga kupitia juu ya kisogo changu. Mimi hukaa upande wa mlango wa jikoni. Binti wa jirani, ambaye ameshaimaliza tamthilia yote, hukohoa mara moja wakati mambo yanakaribia. Hapo nanyanyuka kwenda kuangalia chai. Jikoni nakoroga sufuria kwa kijiko cha bati, nakoroga kwa sauti ili kila mtu ajue bado niko huko. Wakishamaliza, mke wangu anaita, "Karani, hiyo chai haijachemka tu?" Narudi, tunaendelea, hakuna aliyeona kitu. Mchezo mzima hauchukui dakika mbili, lakini bila huo mke wa mwanangu asingekuwa akija, na yeye ndiye mtazamaji mkali kuliko wote.

Watoto wadogo walale. Wakubwa kidogo waamuliwe na wazazi wao.

Msomaji

Maandishi ya chini ni ya Kiingereza na hupita mbio. Mama wa mboga anasoma, lakini akimaliza mstari mmoja mitatu imeshapita. Kwa hiyo teua mtu wa kusema kwa Kiswahili. Asiseme kila kitu, maana utamsikia yeye badala ya tamthilia. Aseme pale mtu anapoomba jambo, anapokataa jambo, au anapodanganya. Salamu na "umekula?" watu wanaziona wenyewe.

Kijana wa bodaboda amekulia kwenye sinema za DJ Afro, yule anayesimulia filamu za kigeni kwa utani, kwa hiyo anataka kutafsiri na vichekesho juu yake. Mruhusu kwenye sehemu za kuchekesha, anazifanya ziwe nzuri kuliko zilivyo. Mama wa Jin-ah akifungua kinywa, anyamaze.

Badilisha msomaji kila kipindi. Mwalimu wa nasari alikuwa amekasirishwa na yule mama tangu mwanzo, na kila alipomsomea, sauti yake ilipanda na maneno yakawa na miiba. Siku mke wangu aliposoma, mama yuleyule alisikika kama mtu mwenye hofu. Mahakamani mkalimani huapishwa. Sebuleni huwezi kumwapisha mtu, ila unaweza kumbadilisha.

Vipindi viwili kwa jioni vinatosha. Kila kimoja ni zaidi ya saa, na mjadala wenyewe unataka muda wake. Stima ikipotea katikati, usihangaike. Washa taa ya simu uanze maswali.

Simamisha picha pale ushahidi ulipo

Mwenye rimoti awe na mahali pa kusimamisha, si kila dakika. Mahali pa kwanza katika Something in the Rain ni ile meza ya vinywaji katika vipindi vya mwanzo. Wameketi na wenzao. Juu ya meza kila kitu ni cha kawaida: glasi, chakula, mtu anasimulia, wengine wanacheka. Chini ya meza mkono wa Jin-ah unausogelea mkono wa Joon-hee na kuushika. Simamisha papo hapo, mikono ikiwa bado chini ya meza. Uliza: "Nani ameanza?" Kila mtu ajibu kwa neno moja, uandike.

Utaona ni swali la kitoto. Lakini vipindi saba mbele, mama atakapokuwa anapiga kelele na mtu sebuleni akisema kijana ndiye aliyemharibia binti wa watu akili, utafungua daftari. Ni Jin-ah aliyenyoosha mkono, na wote mlikubali hivyo. Mtazamaji husahau alichokiona pindi mtu anapoanza kulia kwenye skrini.

Ugomvi wa umri pia huanzia hapa. Watu wataanza kuhesabu amemzidi miaka mingapi, na hesabu hazitaoana. Sababu ni kwamba tamthilia hii ni ya zamani za hesabu ya kale ya Kikorea, ambapo mtoto huzaliwa akiwa na mwaka mmoja na kila mtu huongeza mwaka tarehe moja Januari. Sheria ya kuhesabu kama sisi ilianza kutumika Juni 2023. Waeleze, kisha songa mbele. Si umri uliomfanya mama akatae.

Maswali matatu, na pale yalipotufikisha

Nani amekataza. Ana nguvu gani ya kukataza. Angepoteza nini akiruhusu. Usiyaulize yote kwa pamoja kama mtihani wa darasa la nane. Uliza moja, kaa kimya, mimina chai.

La kwanza ni jepesi: mama. Baba wa Jin-ah ni mpole, huyo hana neno. Lakini ulizia sababu za mama na utaona watu wanaanza kuzisema wao kwa niaba yake. Anataka mkwe mwenye familia ya kujulikana. Joon-hee ana kazi nzuri, ana adabu, ana sura ambayo mwalimu wa nasari hawezi kuizungumzia bila kushika shavu. Asichokuwa nacho ni watu nyuma yake. Mama wa mboga alimtetea yule mama kwa maneno ambayo niliyapigia mstari: "Hamchukii. Alimlisha. Mtoto ukimlisha, unaujua umaskini wake wote, na hauwezi kuusahau siku anapokuja kuomba binti."

Kijana wa bodaboda aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo mtu akikulisha, wewe utakuwa mtoto wa kulishwa mpaka ufe?"

Hakuna aliyemjibu upesi. Usijaze kimya kama hicho. Baadaye nikauliza: Joon-hee angekuwa wa huku, nani angekwenda kumwombea? Kwetu kijana asiye na baba hutafutiwa baba mdogo, mjomba, mzee yeyote wa ukoo, kwa sababu ng'ombe hawajipeleki wenyewe. Mwalimu akasema dada yake angekwenda. Mke wangu akasema dada hawezi kusimama mbele ya wazee kusema habari za mahari. Mpangaji akasema siku hizi wanasimama. Mama wa mboga akasema yeye alisimama, kwa ajili ya mdogo wake, na wazee walimpa kiti. Hatukutazama kipindi cha pili jioni hiyo, na hakuna aliyedai.

Swali la nguvu ndilo linalowagawa watazamaji, na hapa nasema la kwangu waziwazi. Mama yule hana askari wala hakimu. Binti yake ni mtu mzima mwenye mshahara. Basi nguvu ya mama inatoka wapi? Inatoka kwa Jin-ah mwenyewe. Mama anampangia kukutana na mwanamume mwingine wa kuchumbiana, na Jin-ah anakwenda, ili tu nyumbani kupoe. Sebule yangu ilimwasi pale. Mke wa mwanangu alisema kutoka dirishani, "Huyo hastahili yule kijana." Kijana wa bodaboda alitaka tuache kabisa.

Mimi niko upande wa Jin-ah, na sababu yangu iko ofisini kwake. Kuna mkondo mzima wa tamthilia hii ambao watu hutaka kuuruka: wakubwa wa kampuni wanaowalazimisha wafanyakazi wa kike kwenda nao kula na kunywa jioni, wanaowagusa, wanaowataka wacheke. Jin-ah ndiye aliyekuwa akikubali kila mara ili kazi iende. Baadaye anakataa, na gharama ya kukataa inaonyeshwa hatua kwa hatua. Ukiruka sehemu hizo, utamwona mwanamke asiye na msimamo katika mapenzi. Ukizitazama, utamwona mtu aliyefundishwa kwa miaka mingi kusema ndiyo, nyumbani na kazini, na anayejaribu kujifunza kingine akiwa amechelewa. Kwa hiyo amri yangu kwa mwenye rimoti: hakuna kupeleka mbele. Anayeona ofisi inachosha aende akakoroge chai.

Swali la tatu, la hasara, liwekee akiba mpaka mama atakapokwenda kwa dada wa Joon-hee na kumsemea maneno ya kumtaka amzuie ndugu yake. Pale ndipo panapouma kuliko mabusu yote na machozi yote, kwa sababu anayeumizwa hakumpenda mtu yeyote kinyume cha ruhusa. Urafiki wa wale wanawake wawili ndio unaopasuka. Uliza hapo mama amepoteza nini, na wenye mabinti watakuwa wa kwanza kujibu. Mke wangu alisema: "Amepoteza mtoto wa pili aliyemlea, na bado hajamwokoa wa kwanza." Niliandika hivyohivyo.

Atatokea mtu wa kusema, "Hayo ni ya Wakorea, kwetu hayawezekani." Muulize kwa upole: hayawezekani, au hayasemwi? Mara nyingi hukaa kidogo, kisha hukuletea kisa cha jirani wa shangazi yake.

Watu wakianza kusemana wao kwa wao

Itatokea tu. Kanuni ni moja: zungumza habari za walio kwenye runinga, usitaje aliye chumbani. Mke wa mwanangu aliwahi kusema, "Kuna kina mama wakishaona kijana wao amependa, wanageuka." Mke wangu, bila kugeuza shingo, akauliza, "Unamsema mama yupi?" Sufuria yangu ya jikoni ilinyamaza. "Mama wa Jin-ah," akajibu. "Haya, endelea," mke wangu akasema, na tukaendelea. Usiingilie mambo kama hayo haraka. Watu wazima hujua mlango wa kutokea, mradi umeachwa wazi.

Aliyekwisha kuimaliza tamthilia mpe kazi, la sivyo atawamwagia yote. Binti wa jirani ana rimoti na ana kikohozi. Katika maoni anasema wa mwisho.

Daftari

Daftari la shule linatosha. Andika namba ya kipindi, kisha maneno ya mtu kama alivyoyatamka, pamoja na "ile nini" na "unajua". Usiandike muhtasari wako. "Mama mboga hampendi Jin-ah" ni maneno ya karani. "Huyu msichana ananichosha roho" ni ya mama mboga, na ndiyo yatakayokufaa.

Kusanya maoni kamili mara tatu: baada ya kipindi cha nne wakati kila mtu bado ana furaha, baada ya cha kumi wakati nyumba imewaka, na baada ya cha mwisho. Msiyasome ya zamani mpaka ya mwisho yawe yameandikwa, kwa sababu mtu akisikia alichosema mwanzo ataking'ang'ania kwa heshima yake. Ukishafika hapo, somea kila mmoja ya kwake tu. Kijana wa bodaboda, aliyesema kwenye cha nne kwamba mama wa namna ile hata kwenye pikipiki yake asingempakia, alisikiliza akauliza, "Hayo nilisema mimi?" Kufikia mwisho alikuwa anasema mama alikosea njia lakini hakukosea kuogopa.

Kipindi cha mwisho

Tenga jioni yake peke yake. Miaka imepita, Joon-hee anarudi kutoka Marekani, wanakutana kwenye harusi ya ndugu yake Jin-ah, na Jin-ah ana mwanamume mwingine ambaye hata mke wangu mwenye huruma hakumpatia neno jema. Kisha Jin-ah anahamia kisiwa cha Jeju, Joon-hee anamfuata, mvua inanyesha, wanarudiana. Kwangu mwisho huo umekimbizwa: vipindi vingi vya kuteseka, kisha mvua ya dakika chache. Mwalimu wa nasari alisema hataki kusikia habari za kukimbizwa, mvua ile ilimtosha.

Usiishie kwenye mvua. Uliza kama mama amebadilika, na kama hajabadilika, wale wawili wataishi vipi Jumapili ya kwanza ya kwenda kusalimia nyumbani. Hapa tulipata pande mbili kali. Wenye mabinti wasioolewa walisema mama atakuja tu akishika mjukuu. Wasio na watoto walisema Jeju iko mbali kwa sababu hiyohiyo, na wakae huko. Mama wa mboga alisema Jin-ah aende peke yake kwanza, na mkono usiwe mtupu, kisha akaanza kutaja cha kubeba: sukari, majani ya chai, kitenge. Mpangaji akamkumbusha kwamba ni Korea. "Na huko hawanywi chai?" akauliza.

Jumamosi ijayo tunaanza ile ya mpiga piano. Nimeshaeleza habari ya kifungu cha uzinzi, nimesogeza kiti changu karibu zaidi na jikoni, na mke wangu ametangaza kabla ya kipindi cha kwanza kwamba yeye yuko upande wa mume.